Umeme wa Muungano wa Viini: Umefikia Wapi, na Je, Tuusubiri?

(Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa pamoja wa kamati za parokia na wafadhili. Tunaichapa kwa ombi la wajumbe ambao hawakuweza kufika. Salamu na utambulisho wa wageni tumeviacha.)



Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka liko mbali na kazi zetu za visima, zahanati na mashine za kusaga. Hata hivyo limekuwa likitufikia katika barua zenu, na kwa pande mbili. Kamati moja imeuliza kama ni busara kuendelea kuchangisha fedha za paneli za jua kwa ajili ya zahanati, wakati imesikika redioni kwamba wanasayansi wamefaulu kutengeneza jua maabara na kwamba umeme utakuwa wa bure. Kwa upande wa wafadhili tumeulizwa kama mitambo tunayoomba leo haitakuwa imepitwa na wakati kabla ya kumaliza miaka yake. Maswali yote mawili ni halali, maana yanahusu fedha za watu. Hivyo tumeona tuyajibu hadharani, kwa kirefu kidogo.

Ni kitu gani hasa

Katikati ya kila atomi kuna kiini. Umeme wa nyuklia tuliozoea kuusikia, kama ule wa Koeberg nchini Afrika Kusini, hupatikana kwa kupasua kiini kikubwa, hasa cha urani. Huu tunaouzungumzia leo ni kinyume chake. Viini viwili vidogo hulazimishwa kuungana kuwa kimoja, na katika kuungana huko hutoka nishati nyingi. Wataalamu huuita fyusheni, nasi tutauita muungano wa viini.

Hivyo ndivyo jua linavyowaka. Mwaka 1920 mtaalamu wa nyota wa Uingereza, Arthur Eddington, alipendekeza kwamba nyota hupata nguvu zake kwa kugeuza haidrojeni kuwa heliamu, na mwaka 1939 Hans Bethe akaonyesha kwa hesabu hatua ambazo kazi hiyo hupitia. Kwa maneno mengine, nadharia yenyewe ina umri wa miaka mia moja na haina ubishi. Ubishi uko kwenye kuitumia.

Hapa duniani wataalamu wamechagua njia iliyo rahisi kuliko nyingine, yaani kuunganisha aina mbili za haidrojeni nzito: deuteriamu na tritiamu. Deuteriamu imo ndani ya maji. Katika kila mita moja ya ujazo ya maji ya bahari kuna gramu 33 hivi, kwa hiyo haitakwisha. Tritiamu ni habari nyingine, tutairudia baadaye. Kwa makadirio ya wataalamu, kituo cha megawati 1,000 kingetumia kilo 250 hivi za mafuta hayo kwa mwaka mzima, mzigo wa kubebwa na pikapu moja. Kituo cha makaa ya mawe cha ukubwa huohuo huteketeza karibu tani milioni 2.7. Tena hakitoi moshi wala hewa ya ukaa katika uzalishaji wake. Mtu akishasikia hesabu hiyo anaelewa kwa nini mataifa hayajakata tamaa.

Ugumu ni kwamba viini hivi husukumana. Ili vigongane kwa kasi ya kutosha na kushikana, lazima vichemshwe mno. Ndani kabisa ya jua joto ni nyuzi milioni 15, na jua lina uzito mkubwa wa kuvibana pamoja. Sisi hatuna uzito huo, kwa hiyo inabidi joto lifike nyuzi milioni 150. Katika hali hiyo gesi hugeuka kuwa kitu kiitwacho plazima, na hakuna sufuria, tofali wala chuma kinachoweza kuishika. Hushikwa hewani kwa nguvu za sumaku, ndani ya chombo chenye umbo la andazi la duara lenye tundu katikati.

Chombo hicho huitwa tokamaki, na kilibuniwa na Warusi katika miaka ya 1950. Mwaka 1968, mkutanoni Novosibirsk, Warusi walitangaza kwamba chombo chao kilichoitwa T-3 kimefikia joto ambalo wenzao wa Magharibi hawakulisadiki. Huo ulikuwa wakati wa vita baridi. Badala ya kubishana magazetini, mwaka 1969 wataalamu wa Uingereza kutoka Culham walikwenda Moscow na vifaa vyao vya leza, wakapima wenyewe, wakakuta Warusi wamesema kweli. Tangu hapo karibu dunia nzima ikafuata tokamaki. Tunaitaja habari hii kwa sababu katika historia ya jambo hili matangazo mengine hayakupimwa namna hiyo kabla ya kupigiwa makofi.

Ahadi za zamani

Mwaka 1955, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kule Geneva, mwenyekiti wa mkutano, Homi Bhabha wa India, alitabiri kwamba katika miongo miwili njia ya kutumia nishati hii ingepatikana. Maana yake ni mwaka 1975. Mwaka 1958 Waingereza walitangaza kwamba mtambo wao uitwao ZETA umefanikisha muungano wa viini, magazeti yakashangilia, na miezi michache baadaye wakalazimika kurudisha kauli. Mwaka 1989 wataalamu wawili wa kemia katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitangaza kwamba wameupata juu ya meza, katika chupa ya maji mazito, bila joto lolote kubwa. Maabara za nchi nyingi zilijaribu na hazikuona kitu cha kuaminika.

Hatusemi haya ili kuwacheka. Wengi wao walikuwa watu makini. Lakini kamati inayokusanya michango ya waumini inapaswa kujua kwamba jambo hili limeshatangazwa kuwa karibu kwa miaka sabini.

Tuhesabu kwa yuniti

Sasa tuje kwenye habari iliyosikika redioni. Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, miale 192 ya leza ilielekezwa kwenye punje ndogo ya mafuta, yenye ukubwa wa punje ya pilipili manga. Miale ilipeleka nishati ya megajuli 2.05, na muungano wa viini ukatoa megajuli 3.15. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa kilichotoka kuzidi kile kilichofikishwa kwenye mafuta. Baadaye maabara hiyo imerudia na kupata zaidi. Mwaka 2025 ilifikia megajuli 8.6. Ni mafanikio ya kweli, hakuna wa kuyabeza.

Lakini megajuli ni lugha ya maabara. Tuzigeuze ziwe yuniti, zile tunazonunua kwenye LUKU au kwa tokeni. Yuniti moja ni megajuli 3.6. Kwa hiyo jaribio lile lililotikisa dunia lilitoa chini ya yuniti moja, tena ya joto, si ya umeme. Joto hilo lingechemsha lita kumi za maji, yaani nusu ndoo. Na ili leza zile ziweze kufyatua mara ile moja, zilivuta kwenye gridi megajuli 300 hivi. Hizo ni yuniti 83.

Yeyote aliyewahi kusimamia mashine ya kusaga ya kikundi atatuelewa hapa. Mwendeshaji akikuletea taarifa kwamba unga uliotoka una thamani kuliko mahindi yaliyoingia, utamuuliza: na dizeli je? Na mkanda uliokatika? Na mshahara wa mlinzi? Hesabu ya 2022 ilikuwa ya mahindi na unga tu. Wanasayansi wenyewe hawakuficha, waliandika takwimu zote. Ni katika kupita mdomo hadi mdomo ndipo dizeli ilipopotea.

Upande wa tokamaki, mtambo mkubwa kuliko yote kwa miaka mingi ulikuwa JET, huko Culham, Uingereza, ulioanza kazi mwaka 1983. Mwaka 1997 ulitoa megawati 16 kwa muda mfupi, huku ukipashwa joto kwa megawati 24. Katika majaribio yake ya mwisho, Oktoba 2023, ulitoa megajuli 69 katika muda wa sekunde tano hivi, kwa kutumia mafuta yenye uzito wa theluthi mbili... hapana, hata hiyo ni nyingi mno: miligramu 0.2, chembe usiyoweza kuiona vizuri kiganjani. Joto hilo lingechemsha pipa zima la lita 200. Mtu akifikiri kwamba chembe ile imechemsha pipa, atapata picha ya utajiri uliomo. Akikumbuka kwamba mtambo ulikula umeme mwingi kuliko joto uliolitoa, atapata picha ya safari iliyobaki. JET ulifungwa Desemba 2023, baada ya miaka arobaini.

Kumekuwa pia na maendeleo katika kuishikilia plazima kwa muda mrefu. Januari 2025 mtambo wa EAST wa Hefei, China, uliishikilia kwa sekunde 1,066, na mwezi uliofuata mtambo wa WEST wa Cadarache, Ufaransa, ukafikia sekunde 1,337, zaidi ya dakika 22. Majaribio hayo hayakutumia tritiamu na hayakuzalisha nishati ya kutumika. Yalikuwa ya kujifunza kushika. Kituo cha umeme kitatakiwa kushika mchana na usiku.

Mradi mkubwa wa Cadarache

Karibu na WEST, kusini mwa Ufaransa, ndipo unapojengwa ITER, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu wajumbe wengi mmesimamia ujenzi na mtayatambua mambo.

Wazo lilianzia mazungumzo ya Reagan na Gorbachev huko Geneva mwaka 1985, kwamba maadui wafanye pamoja jambo moja la amani. Mkataba ulitiwa saini Paris tarehe 21 Novemba 2006 na pande saba: Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Hakuna nchi ya Afrika kati yao. Umoja wa Ulaya hubeba karibu nusu ya gharama, wengine karibu sehemu sawa. Nao hawatoi fedha taslimu sana. Kila mmoja huleta vipande alivyotengeneza kwake, kama vile jumuiya moja ilete tofali, nyingine mabati, nyingine milango. Faida yake ni kwamba kila nchi inajifunza kazi. Hasara yake mnaijua: milango inaweza isiingie kwenye fremu.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba vipande vya chombo kikuu vilikuwa na kingo zisizolingana na vipimo vya kuunganishia, na mabomba ya kupoozea ngao za joto yalikuwa yameanza kupata nyufa kwa kuliwa na kutu. Kipande kizito kilichokuwa kimeshashushwa kwenye shimo lake mwaka huohuo kikatolewa tena mwaka 2023 ili kitengenezwe. Makadirio ya ujenzi yaliyoanza kwenye euro bilioni 5 hivi yamepita bilioni 20. Plazima ya kwanza iliyotegemewa 2016 ilisogezwa hadi 2025, na mwaka 2024 ratiba mpya ikatolewa: utafiti uanze 2034, na mafuta halisi ya deuteriamu na tritiamu yatumike 2039.

Kuna mtu mkutanoni aliyenong'ona kwamba hiyo ni kama jengo la ukumbi lisilokwisha. Tumecheka naye, lakini tumwambie pia kinachojengwa. Ni mashine ya tani 23,000. Ndani yake plazima itakuwa na nyuzi milioni 150, na mita chache tu kutoka hapo sumaku zitakuwa zimepoozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, kwa sababu katika baridi hiyo waya zake hupitisha umeme bila kupoteza kitu. Sumaku kubwa za kuzunguka chombo ni 18, kila moja ina kimo cha mita 17, na zote zimeshatengenezwa Japani na Ulaya na kufikishwa. Watu ambao serikali zao zinagombana wamelifanya hilo pamoja, hata baada ya vita vya Ukraine kuanza.

Lengo la ITER ni kutoa megawati 500 za joto kwa kupashwa megawati 50, yaani mara kumi. Tafadhali tumieni tena kipimo cha mashine ya kusaga. Mtambo mzima, pamoja na pampu na baridi yake, utahitaji kati ya megawati 110 za kawaida na hadi 620 kwa vipindi vya sekunde thelathini. Na joto likigeuzwa kuwa umeme, zaidi ya nusu hupotea njiani. Hata hivyo ITER haitageuza chochote, haina jenereta. Ni maabara. Kituo cha umeme kitakuja baada yake, kama kitakuja.

Tritiamu, chuma na Manono

Kwa maoni yetu, ugumu unaozungumzwa kidogo kuliko unavyostahili hauko kwenye joto. Uko kwenye mafuta na kwenye kuta.

Tritiamu karibu haipatikani katika maumbile, maana huoza: kila baada ya miaka 12 na kidogo nusu yake imetoweka. Iliyopo kwa matumizi ya kiraia duniani ni makumi machache ya kilo, nyingi ikitoka kwenye vinu vya nyuklia vya Canada. Kituo kimoja cha megawati 1,000 kingetumia zaidi ya kilo 100 kwa mwaka. Kwa hiyo kila kituo lazima kijizalishie tritiamu yake, kama mkulima anayetoa mbegu katika mavuno yaleyale. Njia ipo: muungano wa viini hutoa chembe ziitwazo nyutroni, na nyutroni ikigonga lithiamu, tritiamu huzaliwa. Ukuta wa chombo utazungushiwa blanketi la lithiamu kwa kazi hiyo. Lakini kila nyutroni moja huzaa tritiamu moja tu au zaidi kidogo, na njiani kuna zinazopotea, kwa hiyo hesabu ni ya kubana sana. Blanketi kamili la namna hiyo halijawahi kufanya kazi popote. ITER itajaribu vipande vidogo tu.

Nyutroni hizohizo hubeba sehemu nne kwa tano za nishati yote, na sumaku haziwezi kuzizuia. Huipiga kuta mfululizo, chuma hudhoofika na chenyewe huwa na mionzi. Kuta zitabidi zibadilishwe kila baada ya muda kwa mikono ya mashine, maana binadamu hawezi kuingia. Kila mwezi wa matengenezo ni mwezi bila umeme wa kuuza.

Hapo kwenye lithiamu ndipo eneo letu linapoguswa. Wasomaji wetu wa mkoa wa Tanganyika, huko Kongo, wanajua kwamba Manono, mji uliochimbwa bati tangu enzi za Wabelgiji, umekalia mojawapo ya hazina kubwa za lithiamu duniani. Wapo watakaosema hii ndiyo bahati yetu katika umeme wa kesho. Tunasema polepole. Kituo cha muungano wa viini kitahitaji lithiamu kidogo ukilinganisha na viwanda vya betri, tena kinataka zaidi aina moja ambayo ni asilimia 7.5 tu ya lithiamu ya asili. Wanaogombania Manono leo wanaigombania kwa ajili ya betri za magari na za kuhifadhi umeme wa jua. Haki za wananchi wa pale ni swali la sasa, lisingoje fyusheni.

Usalama na wenye fedha

Wengi wameuliza kuhusu hatari, na neno nyuklia huleta kumbukumbu za Hiroshima, Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011. Ni kweli kwamba bomu la haidrojeni, lililojaribiwa mara ya kwanza 1952, hutumia muungano wa viini. Lakini kinu chake hakiwezi kulipuka kama bomu. Wakati wowote ndani ya chombo mna gramu chache tu za mafuta, na kitu chochote kikiharibika plazima hupoa na kazi husimama. Kwa tritiamu lazima kuwe na uangalifu, kwa kuwa ina mionzi na hupenya kwa urahisi. Chuma kilichochakaa kitahitaji kuhifadhiwa kwa miaka kama mia moja, wakati taka za vinu vya urani hudai maelfu ya miaka. Kwa hilo muungano wa viini una sifa njema.

Kitu kipya cha miaka hii ni kampuni binafsi. Hadi 2025 zilikuwa zimekusanya zaidi ya dola bilioni 9. Moja yao, Commonwealth Fusion Systems, inajenga mtambo uitwao SPARC huko Devens, Massachusetts, kwa sumaku za aina mpya zilizo ndogo na zenye nguvu zaidi, na imesema utaanza 2027. Nyingine, Helion, ilitia saini mwaka 2023 mkataba wa kuiuzia Microsoft umeme kuanzia 2028. Serikali ya Uingereza nayo imepanga kituo cha mfano West Burton kwa mwaka 2040. Hatuna sababu ya kusema watashindwa. Lakini kampuni inayotafuta fedha huzungumza lugha ya kampuni inayotafuta fedha. Na akija mtu parokiani na kipeperushi cha kuuza hisa za umeme wa jua la maabara, msimpe mchango wa mtu yeyote. Wenye miradi hii ya kweli hawaitafuti fedha kwa kupita milangoni.

Sasa, tuusubiri?

Tuanze na bei. Mafuta yakiwa karibu bure, haina maana kwamba umeme utakuwa bure. Maji ya Rufiji hatuyanunui, lakini bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 liligharimu zaidi ya shilingi trilioni 6.5, na fedha hiyo lazima irudi kupitia yuniti. Mtambo wenye sumaku za nyuzi 269 chini ya sifuri hautakuwa rahisi kuliko bwawa.

Tuangalie pia kasi ya mambo haya kufika kwetu. Umeme wa kupasua urani uliingizwa kwenye gridi mara ya kwanza Obninsk, Urusi, mwaka 1954. Koeberg ilianza miaka thelathini baadaye, 1984. Na hadi leo, baada ya miaka sabini na zaidi, Koeberg bado ni kituo pekee cha nyuklia kinachotoa umeme katika bara zima la Afrika. Cha El Dabaa nchini Misri kingali kinajengwa. Afrika Kusini, kwa taarifa yenu, ilikuwa hata na tokamaki yake ndogo huko Pelindaba miaka ya 1980, ikaitwa Tokoloshe, jina la jinamizi la hadithi za kwao. Haikuendelezwa.

Kisha kuna ukubwa. Mafundi wa gridi hushauri mtambo mmoja usizidi sehemu ya kumi ya gridi nzima, kwa kuwa siku ukizimika ghafla utaangusha wote. Mahitaji ya juu kabisa ya Kenya yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Mtambo mmoja wa megawati 500 hapo ni tembo kwenye mtumbwi. Kuunganisha gridi za nchi jirani, kama Kenya na Tanzania zilivyounganishwa mwishoni mwa 2024, kutapunguza tatizo hilo, na ni kazi inayofaa kufanywa hata kama muungano wa viini usingekuwapo.

Lakini hoja inayotugusa zaidi ni nyingine. Barani Afrika watu karibu milioni 600 hawana umeme, na ndiyo maana wakuu wa nchi walikutana Dar es Salaam Januari 2025 na kuahidi kuwaunganisha milioni 300 ifikapo 2030. Kijijini kinachokosekana ni nguzo, transfoma na fedha za kuunganishiwa. Hata Cadarache ikifaulu kesho asubuhi, nguzo hizo hazitajisimika. Na mama anayejifungua usiku kwa tochi ya simu atajifungua mwaka huu.

Kwa hiyo kwa kamati iliyotuuliza, jibu letu ni kwamba msisimamishe michango. Paneli hudumu miaka kama 25. Zikiwekwa sasa zitakuwa zimemaliza kazi yake karibu na 2050, na kwa ratiba tulizozisoma hapo ndipo vituo vya kwanza vya biashara, kama vitakuwapo, vitakuwa vinaanza kuenea katika nchi zilizovijenga. Kwa wafadhili jibu ni hilohilo: hakuna kitakachopitwa na wakati kwa sababu ya fyusheni. Kinachoua mifumo yetu ya jua tunakijua. Ni betri inayokufa mwaka wa nne au wa tano bila mtu kuwa ameweka akiba ya kuinunua upya, na zahanati kurudi gizani ikiwa na paneli nzima juu ya bati.

Tunawaomba wafadhili walio Ulaya na Marekani wasiache kuunga mkono utafiti huu huko kwao. Una haki ya kupewa muda. Ila usitolewe kwenye fungu la zahanati. Na shule zetu za sekondari zenye walimu wa fizikia ziwaeleze vijana mambo haya, maana wahandisi watakaohitajika 2040 wako kidato cha kwanza sasa.

Kwa upande wetu tutaendelea kufuatilia mambo matatu na kuwaarifu humu: kama SPARC itatoa nishati zaidi ya inayopashwa, kama blanketi la lithiamu litaweza kurudisha tritiamu yote inayotumika, na kama ITER itaishika ratiba ya 2034. La pili ndilo tunaloliangalia kwa makini zaidi.

Fomu za makadirio ya akiba ya betri zipo kwa makatibu wa kanda. Kila kamati yenye mfumo wa jua ijaze idadi ya betri, mwaka zilipofungwa na kiasi kilichokwisha kuwekwa benki, na izirudishe kabla ya robo hii kwisha. Zilizofungwa zaidi ya miaka mitatu iliyopita zianze.